Chanjo na Dhamana ya Mchungaji: Historia Fupi ya Afya Kandokando ya Ziwa Victoria

Utangulizi

Baada ya kipindi cha Kipaimara hapa Nyegezi, mama mmoja alitungoja nje ya kanisa akiwa na swali tusilolitazamia. Binti yake alikuwa ameleta taarifa kutoka shuleni kwamba wasichana wangechanjwa kuwakinga na saratani ya mlango wa kizazi. Jirani yake alikuwa amemwambia kwamba sindano hiyo huua uzazi. "Baba Mchungaji," aliuliza, "nimruhusu?" Tulimjibu kwamba mambo ya sindano ni ya zahanati, aende akaulize huko.

Jibu hilo halikuwa uongo. Hata hivyo limetusumbua tangu siku ile, kwa maana mama yule alijua njia ya kwenda zahanati. Alikuja kwetu kwa sababu alitaka kujua kama watu watakaomshika binti yake mkono wanastahili kuaminiwa.

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba swali lake lina historia ndefu katika mwambao huu, na kwamba Kanisa limo ndani ya historia hiyo. Hoja yetu ni kwamba mara nyingi waliosita mbele ya tiba mpya hawakusita kwa ujinga, bali walikuwa wakimpima yule aliyeileta. Kwa hiyo kujenga imani ya namna hiyo ni sehemu ya utumishi wa mchungaji, wala hatuna haki ya kumwachia muuguzi peke yake.

Ziwa la samaki na la mauti

Tunapoandika historia ya Injili katika eneo la ziwa, twapenda kuhesabu vituo na ubatizo. Tukihesabu pia makaburi, tutaona kwamba afya ilikuwa suala la misioni tangu mwanzo. Dk. John Smith, tabibu wa msafara wa kwanza wa Church Missionary Society, alifariki kwa homa mwaka 1877 huko Kageyi, pwani ya kusini ya ziwa. Alexander Mackay alifariki kwa malaria huko Usambiro, Februari 1890. Watu waliokuja kuleta neno la uzima hawakuwa na kinga dhidi ya mbu.

Msiba mkubwa zaidi uliwapata wenyeji. Kuanzia takriban mwaka 1900 ugonjwa wa malale, unaoenezwa na mbung'o, ulienea kando ya ziwa. Katika miaka 20 iliyofuata watu zaidi ya 200,000 walikufa katika Uganda pekee, na visiwa vya Sese viliangamia kwa kiasi kikubwa. Serikali ya Kiingereza ikaamua kuwahamisha watu kutoka mwambaoni. Wavuvi waliambiwa waache maji, mitumbwi na makaburi ya baba zao ili wanusurike.

Dawa isiyofafanuliwa

Mwaka 1906 Profesa Robert Koch, aliyekuwa amepata tuzo ya Nobel mwaka uliotangulia, alifika Mwanza akiongoza msafara wa Kijerumani wa kuchunguza malale. Kutoka hapa alivuka kwenda Sese, mahali palipokuwa na wagonjwa wengi zaidi, akakaa huko hadi mwaka 1907. Huko alitumia atoksili, dawa yenye aseniki. Mwanzoni wagonjwa walipata nafuu, na habari zikaenea. Wengi walikuja wenyewe, wengine wakibebwa na ndugu zao, wakitafuta uzima.

Nafuu hiyo haikudumu. Koch alipoongeza kipimo cha dawa ili kuushinda ugonjwa, baadhi ya wagonjwa walipofuka macho, wala hawakuona tena. Kipimo hicho kikaachwa, lakini fikra za Koch ziliendelea kuongoza kazi ya Wajerumani, nao wakafungua kambi za malale, miongoni mwazo Kigarama upande wa Bukoba na Shirati upande wa mashariki ya ziwa. Kambini wagonjwa walichomwa sindano zenye maumivu, na wapo waliotoroka.

Hatutaki kumhukumu Koch kwa wepesi. Ugonjwa ulikuwa unaua, na hapakuwa na dawa nyingine iliyo bora. Lakini mgonjwa wa Sese hakuwa na nafasi ya kuuliza kipimo kimeongezwa kwa nini, wala ya kusema basi, imetosha. Aliyekimbia kambi alikuwa ametoa jibu lake kwa miguu, kwa kuwa hakuulizwa kwa maneno. Tunapokutana leo na mzazi mwenye mashaka juu ya sindano, si haki kudhani kwamba mashaka hayo yameanza jana.

Kutoka amri hadi kadi ya kliniki

Baada ya uhuru kazi ya afya ilianza kuchukua sura nyingine. Mwaka 1973 serikali ilianzisha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi nchini kote, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu na kujadiliana juu ya malaria, kichocho, kuhara, minyoo na kifua kikuu. Kisha walichimba vyoo na kufyeka vichaka kwa mikono yao. Jambo tunalotaka kulitilia mkazo ni utaratibu wenyewe: kwanza watu walielezwa, wakaulizana, ndipo wakatenda.

Mwaka 1975 ulianza Mpango wa Taifa wa Chanjo. Kinga dhidi ya kifua kikuu, kupooza, dondakoo, kifaduro, pepopunda na surua zikawa sehemu ya maisha ya kawaida ya mama na mtoto. Kadi ya kliniki ikawekwa pamoja na cheti cha ubatizo katika sanduku moja. Kizazi chetu, tuliozaliwa baada ya mpango huo kuanza, ni matunda yake, ingawa ni wachache kati yetu wanaoikumbuka sindano yenyewe. Mgonjwa wa mwisho kupata ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali huko Merka, Somalia, mwaka 1977, na mwaka 1980 dunia ilitangazwa kuwa huru na ndui. Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa huru na virusi vya polio vya asili. Mambo haya hayakutokea kwa amri peke yake. Mamilioni ya akina mama waliamka alfajiri, wakafunga watoto mgongoni, wakaenda kupanga foleni.

Kanisa linajifunza upya

Nalo Kanisa lilikuwa na safari yake. Kwa muda mrefu uponyaji katika makanisa yetu ulimaanisha hospitali ya misioni: majengo, daktari mgeni, na mgonjwa aliyeletwa akiwa mahututi. Mwaka 1964 Baraza la Makanisa Ulimwenguni pamoja na Fungamano la Kilutheri la Ulimwengu waliitisha mashauriano huko Tübingen, Ujerumani. Wajumbe walifikia kauli kwamba huduma ya uponyaji ni ya usharika mzima, si ya wataalamu peke yao. Kutokana na fikra hizo iliundwa Tume ya Kikristo ya Tiba mwaka 1968. Tume hiyo ilishirikiana na Shirika la Afya Duniani katika miaka iliyotangulia Azimio la Alma-Ata la 1978 juu ya afya ya msingi.

Nchini kwetu, mwaka 1992 makanisa na serikali walitiliana saini mkataba wa ushirikiano, na Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii ikaundwa ili Waprotestanti na Wakatoliki wahudumu kwa pamoja. Hapa Mwanza twaona matunda ya ushirikiano wa namna hiyo katika Hospitali ya Bugando, iliyojengwa na Kanisa Katoliki na kufunguliwa mwaka 1971, ambayo huwapokea wagonjwa wa imani zote kutoka kanda nzima ya ziwa.

Lakini hatuna budi kukiri upungufu wetu. Mashauriano ya Tübingen yalisema uponyaji ni wa usharika, nasi tumeendelea kuuhesabu kuwa ni wa idara. Kwa mgonjwa twaomba, na aliyekufa twamzika. Juu ya yule ambaye hajaugua bado, mimbari zetu mara nyingi hukaa kimya.

Wasichana wa Mwanza

Sasa turudi kwenye swali la yule mama. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani za wanawake nchini Tanzania. Husababishwa na virusi vya papiloma, na aina mbili za virusi hivyo, yaani ya 16 na ya 18, huleta takriban asilimia 70 ya saratani hizo. Chanjo huzuia aina hizo ikiwa itatolewa mapema, kabla msichana hajakutana na virusi. Umri unaofaa ni ule ule ambao sisi wachungaji twawafundisha Katekisimu.

Jambo ambalo wengi katika sharika zetu hawalijui ni mchango wa eneo hili. Mwaka 2010 shule za msingi za Mwanza mjini na Misungwi zilishiriki katika majaribio ya njia za kutoa chanjo hiyo mashuleni. Kuanzia mwaka 2017 wasichana 930 wa Mwanza, wenye umri wa miaka 9 hadi 14, waliingia katika utafiti wa kulinganisha dozi moja, mbili na tatu. Wazazi walielezwa na kuombwa ridhaa, na wasichana wenyewe wakaulizwa. Ilionekana kwamba hata waliopata dozi moja walijenga kinga inayodumu. Huko Kenya nako, katika utafiti uliohusisha Kisumu, Thika na Nairobi, dozi moja iliwakinga wanawake vijana kwa kiwango cha juu sana. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikubali utaratibu wa dozi moja. Tanzania, iliyoanza kutoa chanjo hiyo kitaifa kwa dozi mbili mwezi Aprili 2018, ilihamia dozi moja mwaka 2024.

Msomaji na aweke matukio haya mawili pamoja. Mwaka 1906 mtafiti alipita Mwanza akielekea visiwani, na wagonjwa wakapokea kipimo wasichofafanuliwa. Miaka 111 baadaye watoto wa mji huo huo waliulizwa kwanza, na jibu lao limewasaidia wasichana wa mataifa mengi. Uvumi usemao kwamba chanjo hii imeletwa kutoka mbali ili kuwadhuru watoto wetu haujui kwamba sehemu ya ushahidi wake ilitoka katika madarasa yetu wenyewe.

Hitimisho

Tauni ilipoingia Wittenberg mwaka 1527, Luther hakuondoka. Katika barua aliyomwandikia mchungaji Johann Hess juu ya kukimbia tauni, alifundisha kwamba mchungaji afungwaye na wito wake asiwaache watu wake, na pia kwamba anayedharau dawa kwa kisingizio cha imani anamjaribu Mungu. Sisi tumezoea kusoma fundisho la kwanza kana kwamba kukimbia ni kwa miguu tu. Mchungaji aweza kubaki katika nyumba yake ya usharika na bado akawa amekimbia, kwa jibu fupi.

Msamaria wa Luka 10 hakumwonyesha majeruhi njia ya kwenda nyumba ya wageni. Alimpeleka, akalala naye usiku ule, akaahidi kurudi. Kwa mfano huo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila darasa la Kipaimara lipate kipindi kimoja na muuguzi, wazazi wakiwepo, na maswali yote yaulizwe pasipo kukemewa. Pili, siku za chanjo zitangazwe ibadani pamoja na matangazo mengine, na mchungaji aeleze kwa nini. Tatu, tusiahidi kupita kiasi: chanjo haizuii kila saratani, hivyo akina mama waendelee kuhimizwa kwenda kupimwa. Imani iliyojengwa juu ya maneno yaliyotiwa chumvi huanguka siku ya kwanza ya mashaka.

Majuma mawili baadaye tulikwenda nyumbani kwa yule mama kumwomba radhi na kulijibu swali lake. Tulikuta binti amekwisha kuchanjwa. Mama alituambia kwamba alikuwa amemwuliza muuguzi mmoja, mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya yetu, ambaye anamfahamu kwa miaka mingi. Tulishukuru, kisha tukarudi kimya. Usharika ulikuwa umefanya kazi yake ya uponyaji, na mchungaji wake ndiye aliyechelewa.