Sponji ya Mjapani Iliyowapoteza Mabingwa, na Kwa Nini Raba Yako Isiwe Nene Sana

Mwaka 1952, Bombay, India. Mashindano ya dunia ya mpira wa meza yanafanyika Asia kwa mara ya kwanza, na Wajapani nao ndo mara yao ya kwanza kutia mguu. Mmoja wao, kijana mwembamba mwenye miwani, kaingia na raketi ya ajabu: kibao kimebandikwa sponji nene, basi. Hakuna raba juu yake.

Enzi hizo raketi ya kawaida ilikuwa ya raba ngumu yenye vipele, haina sponji ndani. Mpira ukigonga unasikia ko, ko, ko, na mabingwa walitegemea sana huo mlio kujua mwenzake kapiga kwa nguvu gani. Spidi haikuwepo, ila kwa kontroo raba ile ilikuwa haina mpinzani. Watu walirudisha mipira mpaka watazamaji wanasinzia. Mwaka 1936 kule Prague pointi moja ilichukua zaidi ya saa 2. Sio mechi, pointi!

Sasa ile sponji ikigonga, kimya. Mpira unazama, sponji inabonyea, halafu unafyatuka kama jiwe la manati. Waliozoea kusikiliza wakapoteana mezani. Jamaa akawapangua mmoja mmoja, fainali akamtandika Mhungari, ubingwa wake. Japan ikaondoka na mataji 4 kati ya 7.

Kelele zikaanza, kwamba kilichoshinda ni kifaa, kipaji hakuna. Na kusema kweli hawakulia bure. Mtu katumia miaka kujifunza kuweka mpira anapotaka, halafu ujuzi wote unafutwa na kipande cha sponji. Ila kumwita tapeli ni kumuonea, maana hakuna sheria aliyovunja. Yeye mwenyewe hakubeba tena ubingwa wa dunia wa mmoja mmoja, lakini 1954, London, Mjapani mwingine mwenye sponji akauchukua, na huyo miaka mingi baadaye akaja kuwa rais wa ITTF, shirikisho lenyewe la dunia.

ITTF ilikata shauri 1959. Sponji tupu marufuku. Ukiitaka, ifunike kwa raba, na vyote pamoja na gundi visizidi milimita 4. Raba ya vipele isiyo na sponji mwisho milimita 2. Wajanja hawakuishia hapo: baadaye wakabandika raba mbili za tabia tofauti zenye rangi moja, wanageuza raketi mkononi, na wengine wanapiga mguu chini wakati wa kuanzisha ili mlio usisikike. Ndo maana miaka ya 1980 ikaamuliwa upande mmoja uwe mweusi, mwingine mwekundu. Tangu 2021 ule mwekundu unaweza kuwa hata pinki au kijani, mweusi haujaguswa.

Turudi kwa anayenunua raba leo (sio zile za miguuni). Sponji ya milimita 2 kwenda juu bado inafanya kazi ileile ya Bombay: unagusa kidogo, mpira huo nje ya meza. Ya 1.5 hadi 1.8 inabonyea kidogo tu, mpira unafika kwenye mbao mapema, kwa hiyo nguvu inayotoka ni ile uliyoweka kwa mkono wako. Inayonata sana nayo ina gharama yake, maana inapokea mzunguko wote wa mpinzani, na usipojua kuusoma mpira unaenda unakotaka wenyewe. Vijana wengi wanataka raba ya bingwa waliyemuona kwenye TV. Bingwa anapiga masaa kila siku, wewe ni Jumamosi jioni. Unene huwa umeandikwa kwenye pakiti. Ukikuta MAX na bado kurudisha mpira wa kuanzisha kunakusumbua, mrudishie muuzaji akupe nyembamba.