Kutoka Mali na Kitu hadi x na y: Historia ya Mlinganyo na Funzo lake kwa Mwalimu wa Hesabu

0. Utangulizi

Katika shule za sekondari nchini Kongo, mwanafunzi hukutana na aljebra siku ile mwalimu anapoandika ubaoni herufi x mahali palipozoeleka kuandikwa namba. Mtoto aliyekuwa akijumlisha na kugawa bila kusita husimama mbele ya 2x + 3 = 11 kama msafiri aliyefika mtoni asione mtumbwi. Kabla hajavuka, huongezewa mzigo wa pili: kuchora mstari wa mlinganyo kwenye karatasi ya miraba. Mafundisho hayo yote hutolewa kwa Kifaransa, ilhali huko Lubumbashi, Bukavu au Kisangani mtoto huyohuyo hununua, hugawana na hudaiana kwa Kiswahili.

Kutokana na hali hiyo imezuka dhana kwamba aljebra ni elimu ya herufi, na kwamba herufi hizo ni mali ya lugha za Ulaya. Makala haya yanakusudia kuipima dhana hiyo kwa mizani ya historia. Yataonyesha kwamba mlinganyo ulisemwa kwa maneno ya kawaida kwa zaidi ya miaka elfu tatu kabla ya kuandikwa kwa herufi. Kwamba mstari wa grafu ulikuja baadaye zaidi. Na kwamba baadhi ya maneno yaliyoizaa elimu hiyo yamo katika Kiswahili hadi leo. Kutokana na hayo litatolewa funzo moja kwa anayefundisha.

1. Mlinganyo kabla ya herufi

Miongoni mwa maandishi ya kale ya hesabu yaliyotufikia, mashuhuri ni ya Misri: gombo la mafunjo lililonakiliwa na mwandishi Ahmose, yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo, kutoka katika maandishi ya zamani zaidi. Gombo hilo hujulikana kwa jina la Rhind, Mskoti aliyelinunua huko Luxor mwaka 1858, na sehemu yake kubwa imehifadhiwa London. Swali lake la 24 lasema hivi kwa muhtasari: kiasi fulani kikiongezwa sehemu yake ya saba hupata 19, kiasi hicho ni kipi?

Mwandishi wa Misri hakuwa na x. Alianza kwa kukisia. Alichukua 7, kwa kuwa sehemu yake ya saba ni rahisi kupatikana: 7 na 1 ni 8. Lakini kinachotakiwa ni 19, si 8. Basi akatafuta 8 iingie mara ngapi katika 19, akapata 2 na robo na thumni. Kisha akazidisha kisio lake 7 kwa namba hiyo, akapata 16 na nusu na thumni. Ukiijaribu, jibu ni sahihi.

Inafaa kuzingatia mambo mawili. Kwanza, kisichojulikana kilikuwa na jina la kawaida, neno lenye maana ya kiasi au lundo. Pili, kisio lisilo sahihi halikuhesabiwa kuwa kosa la kuadhibiwa, bali ngazi ya kulifikia jibu. Mwanafunzi anayejaribu namba moja, akaona haifai, akairekebisha, anafuata njia iliyotumika Afrika tangu zama za mafarao.

2. Baghdad: mali, mzizi na mkabala

Elimu hii ilipata jina lake Baghdad, katika utawala wa Khalifa al-Ma'mun (813–833). Mwanachuoni Muhammad bin Musa al-Khwarizmi aliandika kwa Kiarabu kitabu kifupi juu ya hesabu ya al-jabr na al-muqabala. Mwenyewe alieleza kwamba alikusudia kuwasaidia watu katika mambo wanayoyahitaji: mirathi, wasia, ugawaji, mashauri, biashara, upimaji wa ardhi na uchimbaji wa mifereji. Sehemu kubwa ya kitabu inahusu wasia na mirathi. Kwa hiyo aljebra ilipopata jina ilikuwa ikitazama sokoni, shambani na mbele ya kadhi.

Jambo la kushangaza kwa msomaji wa leo ni kwamba katika kitabu hicho hamna alama hata moja. Hata namba zimeandikwa kwa maneno. Kisichojulikana kinaitwa shay', yaani kitu, au jidhr, yaani mzizi. Kitu kikizidishwa kwa chenyewe, kinachopatikana kinaitwa mal. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapo: ni neno lilelile mali. Mfano wake maarufu ni huu: mali na mizizi kumi ni sawa na dirhamu 39. Leo wanafunzi huandika x² + 10x = 39.

Al-Khwarizmi anafundisha hivi: gawa idadi ya mizizi kwa mbili, upate 5, izidishe kwa yenyewe, upate 25, iongeze kwenye 39, upate 64, mzizi wake ni 8, toa ile 5, itabaki 3. Basi mzizi ni 3 na mali ni 9. Kisha anathibitisha kwa mchoro. Mali ni mraba. Mizizi kumi ni mistatili miwili yenye upana wa 5, inayobandikwa kwenye pande mbili za mraba huo. Pembeni panabaki pengo la 5 kwa 5. Likizibwa, umbo zima huwa mraba mkubwa wa 64. Kanuni ambayo wanafunzi wengi huikariri kama dua ilianza kama kipande cha ardhi kilichopungua kona.

Maneno mawili ya jina la kitabu yanastahili uangalifu wa mwanaisimu. Al-jabr ni kurudishia kilichopunguka, kama kuunga mfupa uliovunjika. Huko Hispania neno algebrista lilitumika kumwita pia muunga mifupa. Al-muqabala ni kukabilisha, nalo limetoka katika mzizi uleule uliotupatia kukabili na mkabala. Chukua mfano: kumi pungufu ya kitu ni sawa na kitu na nne. Kwa al-jabr, upande uliopunguka unarudishiwa kitu chake, na upande wa pili unaongezwa vivyo hivyo: kumi ni sawa na vitu viwili na nne. Kwa al-muqabala, nne iliyo mkabala na nne ya ndani ya kumi inaondolewa pande zote mbili: sita ni sawa na vitu viwili. Kitu ni tatu.

Hapa ndipo kosa moja la darasani linapopata dawa. Mwanafunzi huambiwa kwamba namba ikivuka alama ya usawa hubadili ishara. Akiulizwa kwa nini, hunyamaza, kwa sababu amepewa amri pasipo maana. Historia inafundisha kwamba hakuna namba inayovuka. Pande zote mbili zimeongezwa au zimepunguzwa kiasi kilekile, kama mizani ya muuza dagaa isiyotaka kuinama.

3. Njia ya kuelekea herufi

Katika karne ya 12 kitabu cha al-Khwarizmi kilifasiriwa kwa Kilatini: Robert wa Chester alikifasiri Segovia mwaka 1145, na Gerard wa Cremona akakifasiri Toledo. Wafasiri hawakukihifadhi kitu cha Waarabu katika sauti yake. Walikifasiri kwa maana yake. Shay' likawa res, na baadaye Waitalia wakasema cosa, yaani kitu. Jidhr likawa radix, ndiyo asili ya neno la Kifaransa racine. Anayesema mzizi kwa Kiswahili hafasiri vibaya Kifaransa. Anairudia sura iliyokuwamo katika Kiarabu kabla ya Kifaransa kuipokea.

Alama zilikuja polepole. Alama ya usawa, yaani mistari miwili sambamba, ilitumiwa na Robert Recorde, mzaliwa wa Wales, katika kitabu cha mwaka 1557. Alieleza kwamba aliichagua kwa kuwa hakuna vitu viwili vinavyoweza kulingana kuliko mistari hiyo. Mwaka 1591 Mfaransa François Viète alitumia irabu kwa visivyojulikana na konsonanti kwa vinavyojulikana. Mwaka 1637 René Descartes alichapisha Leiden kazi yake ya jiometri, akitumia herufi za mwisho, x, y na z, kwa visivyojulikana, na za mwanzo, a, b na c, kwa vinavyojulikana. Desturi hiyo ndiyo inayofuatwa hadi leo.

Faida ya herufi haipaswi kudharauliwa. Al-Khwarizmi, ambaye hakuzikubali namba hasi, alilazimika kuzitenga aina sita za milinganyo na kuipa kila aina kanuni yake. Namba hasi zilipokubaliwa na herufi kuzoeleka, aina hizo ziliungana, na kanuni moja ikatosha. Maneno humwezesha mtu kuelewa tatizo moja. Herufi humwezesha kutatua mengi kwa mara moja. Hata hivyo, waliozitunga walikuwa wamekwisha kuyaelewa maneno.

Tena, Recorde aliandika kwa Kiingereza na Descartes kwa Kifaransa, katika zama ambapo Kilatini kilikuwa lugha ya wasomi. Simon Stevin, mzaliwa wa Bruges katika nchi iitwayo leo Ubelgiji, aliandika kwa Kiholanzi kijitabu chake cha mwaka 1585 juu ya desimali, akatetea lugha hiyo kwa ajili ya sayansi na kuitungia istilahi. Kwa sababu hiyo Waflemi na Waholanzi huiita hesabu wiskunde, wala si kwa jina la Kigiriki. Lugha hizo hazikuzaliwa na istilahi za sayansi. Zilitungiwa na watu waliotaka kueleweka.

4. Njia ya kuelekea mstari

Wazo la kutatua mlinganyo kwa mchoro lilitangulia grafu ya leo. Omar Khayyam, mshairi na mwanahesabu wa Uajemi aliyefariki mwaka 1131, alitatua milinganyo ya kipeo cha tatu kwa kutafuta mahali mikondo miwili inapokutana. Katika karne ya 14 Nicole Oresme, msomi wa Ufaransa, alichora mstari wa ulalo kuwakilisha muda, akasimamisha juu yake mistari ya wima kuwakilisha kasi. Hivyo kasi inayoongezeka sawasawa ilionekana kama pembetatu.

Descartes, na Pierre de Fermat aliyefanya kazi wakati huohuo, waliunganisha pande hizo mbili: kila mlinganyo wenye visivyojulikana viwili una mchoro wake. Hata hivyo, ile mihimili miwili inayokatana wima, ambayo mwanafunzi huichora kwanza, haimo katika kitabu cha Descartes kwa sura tunayoijua. Ilizoeleka baada yake. Nayo grafu ilichelewa kuingia shuleni: ilipata nafasi katika mageuzi ya masomo ya Ufaransa ya mwaka 1902 na katika mpango wa Meran wa mwaka 1905, uliopiganiwa na Felix Klein huko Ujerumani. Jambo lililowachukua wanadamu karne nyingi, mwanafunzi hutakiwa alimeze kwa juma moja.

5. Mfano wa mikokoteni miwili

Funzo la historia hiyo linaweza kuonyeshwa kwa mfano wa kutungwa. Mfanyabiashara anataka mifuko ya unga ipelekwe sokoni. Mwenye mkokoteni wa kwanza anatoza faranga 1 000 za kukodi na 400 kwa kila mfuko. Wa pili anatoza 600 kwa kila mfuko bila malipo mengine. Ni kwa mifuko mingapi bei zao zinalingana?

Hatua ya kwanza ni ya Misri: kukisia. Kwa mifuko 2, wa kwanza anadai 1 800 na wa pili 1 200, bado. Hatua ya pili ni ya Baghdad: kusema. Elfu moja na vitu mia nne ni sawa na vitu mia sita. Vitu mia nne viondolewe pande zote mbili kwa mkabala: elfu moja ni sawa na vitu mia mbili. Kitu ni 5, na bei ni faranga 3 000. Hatua ya tatu ni ya herufi: 1 000 + 400x = 600x. Mwanafunzi aliyepita hatua mbili za kwanza huona kwamba herufi imefupisha sentensi aliyokwisha kuitamka.

Hatua ya nne ni ya mchoro. Kwenye mhimili wa ulalo iandikwe mifuko, na kwenye wa wima faranga. Bei ya kwanza inaanza kwenye 1 000 na kupanda 400 kila mfuko. Ya pili inaanza kwenye sifuri na kupanda 600. Mistari inakutana juu ya mfuko wa 5. Mwalimu asisahau kusema kwamba, mifuko ikihesabiwa mizima, ni nukta ndizo zenye maana. Mstari unaziunganisha ili mwelekeo uonekane. Mchoro unaongeza jambo ambalo jibu la mlinganyo halikulitamka: chini ya mifuko 5 mkokoteni wa pili ni nafuu, na zaidi ya hapo wa kwanza. Mfanyabiashara alihitaji kujua hilo.

6. Hitimisho

Katiba ya mwaka 2006 imekitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Kiluba. Makala haya hayadai kwamba Kifaransa kiondolewe katika somo la hesabu, wala kwamba herufi ziachwe. Yanadai kwamba mpangilio umegeuzwa: mwanafunzi hupewa mwisho wa safari kabla ya mwanzo wake.

Istilahi hazikosekani. Tanzania, iliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi tangu mwaka 1967, imezoea mlinganyo, grafu na mhimili. Na sawa, sifuri, mraba, nusu na mali vimekuwamo katika Kiswahili kabla ya shule za kikoloni kufunguliwa. Kinachohitajika ni mwalimu amruhusu mwanafunzi aseme kwanza kwa sauti yake: kitu hiki sikijui, lakini najua kimelingana na nini. Atakayeweza kuitamka sentensi hiyo kwa lugha anayoielewa ameanza aljebra, hata kama chaki haijaandika x.