Kabla Utumie Elfu Tisa kwa Daraja la Gitaa, Soma Hii

Wiki jana kijana mmoja wa kidato cha nne alinitumia ujumbe. Ameweka akiba ya elfu tisa, pesa ya kuosha magari likizo nzima, na anataka kununua daraja jipya la gitaa lake la umeme. Nikamuuliza kwa nini. Akasema ni ile video yangu.

Wale mnaikumbuka, mwaka jana nilicheza kabla na baada ya kubadilisha daraja, nikawaambia sauti imegeuka kabisa. Hakuna video yangu imewahi kutazamwa kama hiyo. Sasa wasee, tuongee ukweli. Sikupanga kudanganya, lakini nilidanganya. Na ndiyo nieleze vizuri, lazima turudi California, miaka ya hamsini.

Kwanza kwa wale hawachezi. Daraja ni ile chuma iko kwenye mwili wa gitaa, upande wa mkono unaopiga, nyuzi zinapita juu yake. Chini ya nyuzi kuna pikapu. Si ile ya kubeba ng'ombe. Hii ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba mara maelfu. Uzi wa chuma ukitetemeka hapo juu, umeme kidogo unazaliwa ndani ya waya, unaenda kwa amplifaya, na jirani anaanza kugonga ukuta. Kwa hivyo daraja likitaka kubadilisha sauti, lazima kwanza libadilishe vile uzi unatetemeka.

Leo Fender alikuwa fundi wa redio pale Fullerton. Duka lake alilifungua 1938. Na cheki, huyu jamaa hakujua kupiga gitaa. Alikuwa anawapa wanamuziki vitu wajaribu, wakilalamika anarudi mezani. Mwaka wa 1950 alitoa gitaa la mwili wa mbao mzima, na 1951 likaitwa Telecaster. Daraja lake lilikuwa na vipande vitatu tu vya kubeba nyuzi sita, yaani kila kipande nyuzi mbili. Shida ni kwamba ukisogeza kipande ndiyo uzi mmoja uwe sawa, mwenzake anatoka njiani kidogo. Malalamiko yalikuwa hayo: gitaa linakataa kutuni vizuri ukipanda juu ya shingo.

Kampuni ya Gibson nayo ilikuwa na yake. Gitaa la Les Paul lilipotoka 1952, nyuzi zilipitishwa chini ya chuma cha daraja badala ya juu, kwa sababu shingo haikuwa imeinama vya kutosha. Ukitaka kulaza kiganja hapo uzime sauti kidogo, ulikuwa unahangaika. Les Paul mwenyewe hakulipenda. Kufika 1954 Gibson wakaleta daraja la Tune-o-matic, ambapo kila uzi una kipande chake na skrubu yake ya kusogeza. Soma hilo jina tena. Ni la kutuni. Walikuwa wanauza gitaa linalokaa sawa.

Sasa kuna mara moja ambapo daraja kweli liliharibu sauti, na hapa ndipo wauzaji wa vipuri huchota stori zao zote. Mwaka wa 1953, Fender walikuwa wanatengeneza Stratocaster, gitaa lenye mkono wa kuyumbisha sauti. Muundo wao wa kwanza ulikuwa na vipande vingi vinavyocheza. Sauti ikatoka nyembamba, inakufa haraka. Uzi ulikuwa unapoteza nguvu kwenye vyuma vilivyolegea. Wakatupa ule muundo, wakaanza upya. Ule wa pili ulikuwa na bonge zito la chuma chini ya daraja, nyuzi zinapita katikati yake, na springi kwa nyuma. Uzi ukapata kitu kigumu cha kuegemea. Stratocaster ikatoka 1954, na muundo huo ungali unatengenezwa mpaka leo.

Kwa hivyo daraja bovu linaua sauti. Hilo sikatai. Lakini kutoka bovu hadi zuri ni safari moja, na kutoka zuri hadi la bei ghali ni safari nyingine kabisa. Ukishapata chuma kigumu, kilichokaa imara, uzi hauna shida tena.

Mbona basi watu wanaapa kwamba wamesikia tofauti kubwa? Angalia kilichofuata. Januari 1965, Fender iliuzwa kwa CBS kwa dola milioni 13. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, lile bonge la chuma likabadilishwa na zinki ya kumimina kwenye kalibu, ambayo ni rahisi kutengeneza. Wachezaji wakaanza kusema magitaa ya zamani yalikuwa matamu zaidi, na wengi wakalaumu zinki. Wakati huohuo biashara ya vipuri ikapanda, na madaraja ya shaba ya njano yakawa fasheni kufika mwisho wa muongo.

Lakini miaka hiyohiyo, Stratocaster ilibadilishwa pia vile shingo inafungwa: kutoka skrubu nne hadi tatu. Na kiwandani watu walikuwa wanaharakisha kazi. Vitu vingi viligeuka pamoja, kisha daraja peke yake likabeba lawama.

Na hicho ndicho nilifanya kwa video yangu. Ile siku nilibadilisha daraja, nilitoa nyuzi zenye kutu za miezi minane nikaweka mpya. Sikuwaambia. Manze, hata sikufikiria kuwaambia. Tofauti mliyosikia ilikuwa nyuzi.

Mwezi uliopita nikarudia. Nikarudisha daraja la zamani na nyuzi mpya, nikarekodi. Kisha daraja ghali na nyuzi mpya za aina ileile, amplifaya sijaigusa, na umbali wa pikapu kutoka kwa nyuzi nimepima kwa rula. Binamu yangu anapiga gitaa kanisani kila Jumapili. Nikamchezea vipande kumi bila kumwambia ni daraja gani. Alipatia vitano. Akavichanganya, akanichezea mimi. Nikapatia vinne. Tungerusha sarafu tungepata hivyohivyo. Ni gitaa moja na masikio manne tu, najua, lakini hayo masikio ndiyo yaliwauzia stori.

Kuna wakati kubadilisha daraja ni akili. Kama skrubu zimekwama kwa kutu, kama kipande kina makali kinakata nyuzi kila wiki, kama ukivuta ule mkono gitaa linatoka tuni halirudi. Floyd Rose alipata hataza yake 1979 kwa daraja linalofunga nyuzi kabisa, na shida aliyokuwa anatibu ni hiyohiyo ya kutuni. Nenda na shida ya aina hiyo, nunua bila wasiwasi. Ukienda unatafuta sauti tamu, utarudi na chuma kinachong'aa.

Kwa hivyo nilimjibu yule kijana. Nunua nyuzi mpya, elfu moja na kitu. Mpelekee fundi alisawazishe gitaa. Zinazobaki, weka kwa amplifaya iliyotumika, maana hapo ndipo sauti yako inakaa, hapo na kwa vidole.

Akanishukuru. Baada ya dakika mbili akauliza, "Sasa bro, mbona video bado iko?"

Sikuwa na jibu. Ile video ilinilipia kodi ya nyumba miezi miwili, na tangu niache chuo hakuna kitu kingine kinanilipia. Nilikaa na hilo swali siku tatu. Leo asubuhi nimeishusha. Mahali pake naweka zile rekodi kumi, bila kusema ipi ni ipi. Sikilizeni mnijibu. Mkipatia zaidi ya binamu yangu, nitakubali kwamba nimekosea mara mbili.