Hyrax Hill: Kilima cha Pimbi na Makaburi ya Kale

Kilima hiki kilicho kando ya mji wa Nakuru kimeitwa kwa jina la pimbi, mnyama mdogo aliyezoea kuishi katika mianya ya miamba hii.

Mwaka 1937 na 1938, mwanaakiolojia Mary Leakey alifukua hapa makaburi ya watu wa Zama Mpya za Mawe. Maiti walilazwa wamekunjwa, kisha wakafunikwa kwa mawe. Wanawake walizikwa pamoja na vyombo vya mawe, wanaume hawakuwekewa. Karne nyingi baadaye, watu wa Zama za Chuma nao waliishi na kuzikana papa hapa.

Fuata njia hadi kileleni uone mabaki ya boma la mawe. Kwa mbali utaliona Ziwa Nakuru, ambalo hapo kale lilikuwa pana zaidi na kukikaribia kilima hiki. Tazama pia vishimo vya bao vilivyochongwa mwambani.

Mahali hapa pamelindwa kisheria tangu mwaka 1943. Usiokote kitu wala kusogeza jiwe. Humu wamelala watu. Tembea kwa heshima.