Loda ya Mbele kwa Trekta Kuukuu: Anza na Ekseli

Mwenye trekta kuukuu akipata loda ya mtumba, jambo la kwanza analouliza fundi ni nguvu za injini. Mimi husema aanze na ekseli ya mbele.

Chukua Massey Ferguson 135, trekta iliyoanza kutengenezwa mwaka 1964, yenye nguvu za farasi kama 45. Injini haina taabu. Shida ni mzigo unakokaa. Robo mita ya ujazo ya mchanga uliolowa ni karibu kilo 475. Ndoo ikiwa mita 1.5 mbele ya ekseli, na baina ya ekseli mbili ni kama mita 1.8, ekseli ya mbele huongezewa zaidi ya kilo 850, maana nyuma panainuka kama pembea. Huko nyuma uzito umepungua karibu kilo 390, na breki zote za trekta hii ziko nyuma. Shuka nayo kijimteremko ndoo ikiwa juu, uone. Wallahi si mchezo, trekta hupinduka na dereva chini yake.

Kwa hiyo weka uzito nyuma: boksi la zege kwenye linki tatu, au maji ndani ya magurudumu. Kwetu hakuna baridi ya kugandisha, maji matupu yatosha, ila yasiwe ya kisima cha chumvi, yatakula ringi. Mbele, kagua bushi na kingpini kabla hujalipa hata shilingi. Kama stelingi haina pawa, mabega yako ndiyo pawa.

Jambo la pili ni fremu. Trekta hizi hazina chasi kama lori. Injini na gia boksi zilizofungwa kwa bolti ndizo uti wa mgongo wake. Loda iliyoshikizwa mbele peke yake huvuta pale zinapoungana mpaka bolti zilegee au bodi ipasuke. Fremu ya loda lazima ifike ekseli ya nyuma. Fundi akikwambia atashikiza ubavuni mwa injini na mambo yatakuwa sawa, mpe ya chai uondoke.

Pampu ya 135 imo ndani ya gia boksi na hutumia oili hiyo hiyo. Iliundwa kuinua jembe, hivyo loda itapanda polepole, na uchafu wa silinda zake utaingia kwenye gia. Afadhali pampu ya pembeni inayozungushwa na krankishafti, yenye tangi lake.

Kwa samadi kavu ndoo hiyo ya robo mita haina neno. Kwa mchanga na kokoto tafuta ndoo ndogo zaidi, uibebe chini karibu na ardhi, na watoto wasisimame mbele yake.