Kifungu cha 66: Historia ya Kukatazwa kwa Kipigo katika Ndoa Tanzania Bara

Kabla ya mwaka 1971, ndoa katika Tanzania Bara zilitawaliwa na sheria zilizotofautiana kwa dini na kwa kabila: Wakristo walikuwa na sheria yao iliyoandikwa, Waislamu walifuata fikihi, na wengine wengi waliongozwa na mila ambazo serikali ilizikusanya na kuzitangaza rasmi mwaka 1963. Katika mila nyingi mume alihesabiwa kuwa na mamlaka ya kumrudi mkewe, yaani kumtia adabu hata kwa fimbo, ilimradi asivuke mipaka ambayo wazee wa pande mbili ndio walioijua. Mahari nayo, ambayo mara nyingi ilidaiwa irudishwe ndoa ilipovunjika, iliwafanya baba na kaka wa mke kuwa wa kwanza kumshauri avumilie, kwa kuwa ng'ombe waliopokewa pengine walikwisha kutolewa kumlipia kaka huyohuyo mahari ya mke wake.

Rasimu ya sheria iliyokuja kubadili hali hiyo haikuandikwa Dar es Salaam. Mwaka 1967 serikali ya Kenya iliunda tume ya kuchunguza sheria za ndoa na talaka chini ya Jaji John Spry, nayo mwaka uliofuata ikatoa ripoti pamoja na rasimu ya sheria moja kwa raia wote. Bunge la Kenya liliukataa mswada uliotokana na kazi hiyo mwaka 1976 na tena mwaka 1979, na miongoni mwa hoja za wabunge wanaume ilikuwamo ile ya kwamba mswada ungemnyang'anya Mwafrika haki ya kumwadabisha mkewe kwa kumpiga. Tanzania, kwa upande wake, ilikwisha kuichukua sehemu kubwa ya rasimu hiyo, ikaiweka mbele ya wananchi kwa njia ya Waraka wa Serikali Namba 1 wa mwaka 1969, kisha ikaifanya kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971.

Kifungu cha 66 cha sheria hiyo kinatamka kwamba, hata kama mila inasema vingine, hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko au kipigo cha namna yoyote. Kwa wakati wake tamko hilo lilikuwa la kijasiri, ila lilikuwa na upungufu ambao haukuonekana upesi, kwani kifungu hakikutaja adhabu yake chenyewe, na aliyepigwa alibaki kutegemea makosa ya shambulio yaliyomo katika Kanuni ya Adhabu, ambayo polisi wa zama hizo hawakuwa wepesi kuyatumia kwa jambo waliloliita la nyumbani.

Sheria hiyohiyo iliweka baraza la usuluhishi wa ndoa, yaani chombo cha kata au cha jumuiya ya dini ambacho wanandoa hutakiwa kukipitia kabla ya kuomba talaka mahakamani, isipokuwa katika mazingira maalumu. Kwa wanandoa waliogombana kwa maneno, utaratibu huo una busara. Kwa mke aliyevunjwa mkono, kuketishwa mbele ya wazee ili apatanishwe na aliyemvunja ni jambo jingine kabisa, na hapa ndipo sheria ilipoirejesha kwa mlango wa nyuma ile nasaha ya kuvumilia iliyokwisha kuikataa kwa maandishi.

Ilibaki pia shida ya riziki, kwa sababu asiye na mali hana pa kukimbilia. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa na zahesabiwa wakati wa mgawanyo. Mwanamke aliyekata rufaa hiyo mwenyewe hakuambulia kitu, lakini waliomfuata mahakamani walinufaika.

Msaada kwa manusura, yaani walionusurika na ukatili, ulianzia nje ya serikali. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilichoundwa mwaka 1987, kilitoa jarida la Sauti ya Siti, lililopewa jina la mwimbaji Siti binti Saad, na kuyaandika hadharani mambo yaliyokuwa yakifichwa chumbani. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba asilimia 41 ya wanawake waliowahi kuwa na mwenzi jijini Dar es Salaam, na asilimia 56 mkoani Mbeya, walikwisha kufanyiwa na mwenzi ukatili wa kimwili au wa kingono. Madawati ya jinsia na watoto katika vituo vya polisi, na vituo vya mkono kwa mkono, ambako tabibu, polisi na afisa wa ustawi wa jamii huhudumu chini ya paa moja, vilifuata baadaye, takriban miongo minne baada ya kifungu cha 66.

Kenya, iliyoukataa mswada wake, ilipitisha mwaka 2015 sheria mahususi dhidi ya ukatili wa nyumbani, yenye amri za ulinzi ambazo mahakama huweza kuzitoa ili kumzuia mkosaji asimkaribie manusura. Tanzania Bara, iliyotangulia kwa miaka 44, ingali inategemea kifungu kisicho na adhabu yake.