Beatles: namna vijana wanne wa Liverpool walivyoingia katika redio za Marekani

Mwezi wa tisa mwaka wa 1963, kijana mmoja Mwingereza wa miaka 20 alifika Benton, mji mdogo wa jimbo la Illinois huko Marekani, kumsalimia dada yake aliyekuwa akiishi pale. Alizunguka madukani, akaenda kulala porini kwa hema, akapiga gita na kundi la wenyeji. Hakuna aliyemkimbilia. Kijana huyo alikuwa George Harrison wa kundi la Beatles, na kwao Uingereza wakati huo hangeweza kutembea hivyo bila kuzingirwa na watu. Miezi mitano baadaye, tarehe 9 Februari 1964, Wamarekani karibu milioni 73 walikaa mbele ya televisheni kumtazama yeye pamoja na John Lennon, Paul McCartney na Ringo Starr.

Kati ya tarehe hizo mbili kulipita nini? Wengi hujibu haraka: Rais Kennedy aliuawa tarehe 22 Novemba 1963, inchi ilikuwa katika matanga, vijana wakatafuta kitu cha kuwafariji. Jibu hilo lina ukweli kidogo, lakini halitoshi. Uswidi hakuna rais aliyeuawa, na bado mwezi wa kumi wa 1963 wasichana wa huko walikuwa tayari wanapiga kelele mpaka muziki hausikiki.

Kwanza kulikuwa na mlango uliofungwa. Kampuni ya Capitol ya Marekani ilikuwa mali ya EMI, kampuni ile ile ya Uingereza iliyotoa diski za Beatles. Hata hivyo wakubwa wa Capitol walizikataa moja baada ya nyingine. Kwa mawazo yao, Waingereza hawajui kuwaimbia Wamarekani. Walikuwa na mifano: Cliff Richard, nyota mkubwa kwao, alizunguka Marekani mwaka wa 1960 na kurudi bila mafanikio ya maana. Diski za Beatles zikachukuliwa na kampuni ndogo. Vee-Jay ya Chicago, iliyokuwa ya Wamarekani weusi, ilitoa wimbo wao mapema mwaka wa 1963, na kwenye diski za kwanza hata jina la kundi liliandikwa vibaya. Swan ya Philadelphia ikajaribu pia. Zote mbili hazikuuza kitu.

Mambo yaligeukia redioni. Tarehe 10 Desemba 1963, Walter Cronkite wa televisheni ya CBS alipitisha habari fupi juu ya wazimu wa Beatles huko Uingereza. Msichana mmoja wa miaka 15, mkaaji wa jimbo la Maryland, aliiona, akaandikia redio WWDC ya Washington kuuliza sababu gani muziki huo hausikiki kwao. Mtangazaji Carroll James hakuitupa barua ile. Alitafuta diski ya “I Want to Hold Your Hand” kutoka Uingereza, ikaletwa na mhudumu wa ndege, na tarehe 17 Desemba akamwalika msichana mwenyewe studioni autangaze wimbo huo kwa mdomo wake. Simu za redio zikalia bila kupumzika. Nakala zikafika kwa watangazaji wa miji mingine.

Capitol, ambayo mwishowe ilikubali kutoa wimbo huo katikati ya Januari, ilikasirika na kutaka redio isimamishe. Ilipoona haiwezekani, ikaharakisha na kutoa diski tarehe 26 Desemba. Ni hapo bahati ilipoingia, na watu hawaitaji sana: shule zilikuwa zimefungwa kwa sikukuu. Wanafunzi walikuwa nyumbani mchana kutwa, wana pesa kidogo za Noeli, na wengi wana transista mkononi, redio ndogo ya betri kama zile zinazoning’inia hata leo kwenye hema za kambi. Hawakuhitaji tena kuomba ruhusa ya baba kufungua redio kubwa ya sebuleni. Katika majuma machache diski zaidi ya milioni moja ziliuzwa. Tarehe 1 Februari wimbo ulikuwa namba moja, na tarehe 4 Aprili Beatles walishika nafasi zote tano za juu katika orodha ya gazeti la Billboard.

Lakini redio inaweza kupiga wimbo mara mia, na kama hauna utamu watu watazima. Beatles waliwauzia Wamarekani kitu cha Wamarekani wenyewe. Walikuwa wamejifunza kwa diski za Chuck Berry, Little Richard, Isley Brothers na wasichana wa Shirelles, karibu wote watu weusi, kisha wakazifanyia mazoezi usiku kwa usiku katika baa za Hamburg. Na huko Marekani kwenyewe moto ulikuwa umepungua: Little Richard alikuwa ameingia kanisani, Elvis Presley alikuwa amepita jeshini na sasa anacheza sinema, Buddy Holly alikufa kwa ndege mwaka wa 1959, Chuck Berry alitoka gerezani mwaka ule wa 1963. Mkongomani anayejua jinsi diski za Cuba zilivyorudisha Kinshasa mapigo yaliyoondoka Afrika pamoja na watumwa atafahamu mara moja safari ya namna hii.

Faida haikugawanywa sawasawa. Vee-Jay, iliyowapokea kwanza, ilipelekwa mahakamani na Capitol, na mwaka wa 1966 ilifilisika. Waimbaji weusi waliofundisha Beatles waliendelea kuimba katika miji ambamo hawangeweza kukaa meza moja na wazungu.

Juu ya jambo hilo, wale vijana wanne hawakunyamaza. Walipopaswa kupiga muziki Jacksonville, Florida, mwezi wa tisa mwaka wa 1964, walisikia kwamba weusi na wazungu wangetengwa uwanjani. Walitangaza wazi kwamba kama ni hivyo hawapandi jukwaani. Sheria ya kukataza ubaguzi ilikuwa na miezi miwili tu tangu itiwe sahihi. Utengano ukaondolewa, na tarehe 11 Septemba watu waliketi kwa kuchanganyika, huku upepo uliobaki wa kimbunga Dora ukivuma kwa nguvu hadi ngoma za Ringo zikapigiliwa misumari kwenye mbao. Mwaka uliofuata, katika mkataba wao wa Cow Palace, karibu na San Francisco, sharti hilo liliandikwa kabisa: hawatalazimishwa kupiga mbele ya watu waliotengwa kwa rangi.